Tulipokuwa Tukiandika Fomu kwa Elm

Siku hizi kijana akiambiwa atengeneze fomu ya usajili, anachota maktaba mbili tatu, anaiomba akili mnemba imwandikie kilichobaki, na kabla chai haijapoa fomu iko kwenye skrini. Sina kinyongo naye. Ila nikipitia msimbo wenyewe nakuta kanuni ya namba ya simu imeandikwa upya katika kila ukurasa: huku inakubali 0712, kule inalazimisha +255, kwingine inakataa nafasi kati ya tarakimu. Hapo ndipo ninapoikumbuka Elm.

Lugha hiyo ya programu ilibuniwa na Evan Czaplicki, na ilianza kama tasnifu yake ya Harvard mwaka 2012. Sisi tuliifikia miaka michache baadaye, tukiwa tumechoshwa na JavaScript iliyokuwa ikivunjika mbele ya mteja. Kompaila yake ilikuwa kali kama mwalimu wa zamu, lakini ikishakuruhusu kupita, ukurasa haukuwa wa kuzima ovyo. Programu nzima ilikuwa na mambo matatu: hali, funksheni ya kuibadilisha hali hiyo, na funksheni ya kuichora. Mpangilio huo uliazimwa hata na Redux, maktaba ya JavaScript iliyotoka mwaka 2015 na kuenea kwa watu ambao Elm hawajawahi kuigusa.

Raha iliishia kwenye fomu. Chukua kisanduku cha jina tu. Kinataka nafasi yake katika hali, kinataka ujumbe wake wa kutangaza badiliko (wangu niliuita JinaLimebadilika), kinataka tawi katika funksheni ya kubadilisha, na mstari katika ya kuchora. Sasa fikiria fomu ya mkopo, yenye mdhamini, mwajiri na anwani mbili. Tukaamua kuunda vijenzi vya kutumika tena: kila kimoja na hali yake na ujumbe wake, kisha fomu kubwa inavifunga kwa funksheni ya Html.map. Hatukujitungia njia hiyo. Mafunzo ya Elm ya wakati ule ndiyo yaliyoionyesha.

Kijenzi cha tarehe ndicho kilichotutoa jasho. Chenyewe kilishika tarehe yake ndani, na fomu nayo ilikuwa na ya kwake. Mteja akifungua ombi lake la zamani kutoka kwenye seva, fomu inajua ni tarehe 3 Machi, kijenzi kinaonyesha ya leo. Nani anasema kweli? Unaandika msimbo wa kuvipatanisha, halafu kesho unakuta wenyewe unahitaji msuluhishi. Baadaye Czaplicki alitoa maktaba ya majedwali, elm-sortable-table, iliyokuwa na somo ndani yake: jedwali likumbuke tu limepangwa kwa safu ipi, data yenyewe ibaki kwa mwenye nayo. Ushauri ukageuka, tukaambiwa tuache kuwaza vijenzi, tuandike funksheni za kawaida. Ulikuwa ushauri mzuri, na ulichelewa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya jibu ilikuwa imeshaandikwa. Mwaka 2008 watafiti wanne wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Ezra Cooper, Sam Lindley, Philip Wadler na Jeremy Yallop, walichapisha makala kuhusu walichokiita fomleti, wakiifanyia kazi katika lugha yao ya Links. Wazo lao: kipande cha fomu ni kitu kinachojua kujichora na kinachojua kutoa thamani yake kikishajazwa. Unganisha siku, mwezi na mwaka, upate kipande cha tarehe. Kitumie mara mbili katika fomu moja, tarehe ya kuingia hotelini na ya kutoka, na majina ya visanduku hayagongani, kwa sababu hayaandikwi na mtu. Mfumo ndio unaoyatoa. Aliyewahi kukuta visanduku viwili vyenye jina moja vikimezana njiani kuelekea seva atajua thamani ya hilo.

Fomleti nazo hazikuwa dawa ya kila kitu. Uunganishaji wake ulitaka umbo la fomu lijulikane lote kabla mtu hajajaza chochote. Fomu zetu haziko hivyo: unachagua mkoa ndipo zije wilaya, unachagua wilaya ndipo zije kata. Hapo wazo lile lilitaka viraka, na viraka vyenyewe tulivishona kwa mkono.

Tulichobaki nacho, baada ya maktaba kuja na kupita, ni funksheni ndogo ndogo. Moja inapokea maandishi yoyote na kurudisha ama namba halali ya simu ama kosa lenye maelezo. Haijui rangi ya kisanduku wala ukurasa kilipo. Hiyo ndiyo iliyotumika tena kweli. Visanduku tulivyovihangaikia vilibadilika kila mchoraji mpya alipoajiriwa. Na kijenzi cha tarehe? Firefox ilianza kuwa na kalenda yake mwishoni mwa 2017, Safari ya kompyuta ikafuata 2021, na kazi yote ile sasa ni neno moja ndani ya HTML.

Elm 0.19.1 ilitoka Oktoba 2019, ikakaa miaka mingi bila toleo jingine la kuifuata. Kijana mmoja ofisini aliniuliza, "Kaka, hii tunaihamisha lini?" Nimemwambia ahamishe anachotaka, ila ile funksheni ya simu aisome kwanza kabla hajaandika ya tano.