Dogo wa Kidato cha Tatu kanishika pabaya

Nimerudi kutoka TP, mfukoni imebaki nauli tu. Leo nina la kutubu.

Siku hiyo nafundisha elektrolisisi: ukipitisha umeme kwenye maji unapata haidrojeni na oksijeni. Dogo mmoja wa nyuma kanyoosha mkono. "Mwalimu, sola ya shule mchana umeme unabaki, usiku giza. Si tutengeneze haidrojeni mchana, tuifukie ardhini, usiku tuitumie?"

Darasa likacheka. Na mimi, jamani, nikacheka nao. Nikamwambia, "Ukifukia bomu litakulipukia." Akakaa. Tangu siku ile hakunyoosha mkono tena.

Ikanisumbua. Usiku mmoja nikaingia mtandaoni. Lahaula! Huko Teesside, kaskazini mashariki mwa Uingereza, wanaweka haidrojeni chini ya ardhi tangu 1972, ya viwanda vya kemikali. Ni mapango matatu ndani ya mwamba wa chumvi, mita kama 350 kwenda chini. Wanatoboa shimo, wanaingiza maji, chumvi inayeyuka, wanayavuta yale maji ya chumvi, linabaki pango. Gesi haipenyi chumvi kirahisi. Na kulipuka? Haidrojeni haiwaki bila oksijeni, na mle pangoni oksijeni haimo. Somo langu mwenyewe hilo!

Kwa nini chini? Kwa sababu kilo moja tu ya haidrojeni, isipogandamizwa, inachukua mita za ujazo zaidi ya 11. Tangi gani litabeba umeme wa msimu mzima? Kule Delta, jimbo la Utah, Marekani, kuna mradi wa mapango mawili ya chumvi uliobuniwa kuhifadhi gigawati-saa 300, umeme wa jua na upepo uliozidi ugeuzwe haidrojeni, uje utumike miezi mingine.

Ila si mteremko. Kugeuza umeme kuwa gesi na gesi kuwa umeme tena, zaidi ya nusu hupotea njiani. Kwa usiku mmoja wa shule, betri inatosha. Hilo ndilo jibu alilostahili dogo.

Wiki ya mwisho nikasimama mbele ya darasa lile lile nikasema: nilikosea, mwenzenu alikuwa sahihi. Nikachora pango ubaoni. Sijamaliza hata kuchora, naona mkono wa nyuma uko juu.

Nyie wenzangu wa TP, nani kawashika pabaya? Semeni, nisiaibike peke yangu.