Unguja Yataka Mashahidi Wawili

Wengi wetu tukisikia jina la Unguja hufikiri karafuu, halua na bahari. Wengine hufikiri Januari 1964. Kisiwa chenyewe si kikubwa. Urefu wake ni kama kilometa 85, na mtu akipanda boti ya mwendo wa kasi Dar es Salaam hufika kwa muda wa saa mbili hivi. Lakini kisiwa hiki, pamoja na nduguye Pemba, kimeandikiwa vitabu vingi ajabu kwa udogo wake, navyo vitabu hivyo havipatani. Nataka leo tutembee Unguja pamoja navyo, maana naona vijana wetu huenda huko na hadithi moja kichwani, wakarudi nayo ileile.

Kazi yangu ni ukarani wa parokia. Katika daftari la ndoa hatuandiki ndoa yo yote bila mashahidi wawili. Si kwamba twamdhania shahidi mmoja kuwa mwongo. Ni kwamba mtu mmoja huona upande aliosimama. Maandiko nayo yadai mashahidi wawili au watatu kabla ya neno kuthibitishwa. Basi kwa nini tukiyasoma mambo ya nchi turidhike na shahidi mmoja?

Tuanze Mtoni, ufukweni, kilometa chache kaskazini ya mji. Hapo pana magofu ya kasri ya Seyyid Said. Katika kasri ile alizaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Wasichana wa wakati ule walifundishwa kusoma, lakini hawakufundishwa kuandika. Yeye akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 aliondoka kwa manowari ya Kiingereza, mwaka 1867 akabatizwa Aden kwa jina la Emily, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani aitwaye Ruete, wakaenda kukaa Hamburg. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Ni kitabu kitamu. Waona humo bustani, mabafu, farasi, sikukuu, na watoto wengi wa baba mmoja. Lakini waulize: maji ya mabafu yale nani aliyateka? Salme hawafichi watumwa, ila awatetea mabwana. Asema utumwa wa kwao haukuwa kama ule wa Amerika.

Hapo ndipo ahitajika shahidi wa pili. Chukua kitabu cha Kiswahili, Kasri ya Mwinyi Fuad, alichokitoa Adam Shafi mwaka 1978. Hicho ni hadithi ya kutungwa, si kumbukumbu, lakini mtungaji ni mwana wa Unguja. Humo twamfuata Kijakazi, mwanamke amtumikiaye bwana wake. Katika Salme kasri yaonekana kutoka ghorofani; katika Adam Shafi yaonekana kutoka jikoni. Nyumba zile zilikuwa na ghorofa, zilikuwa na jiko pia.

Sasa twende Mkunazini, mjini, palipo kanisa kuu la Kianglikana. Hapa palikuwa soko la watumwa. Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga mwezi Juni 1873, na siku ya Noeli mwaka uleule jiwe la msingi la kanisa liliwekwa. Askofu Edward Steere ndiye aliyelijenga, na alipokufa mwaka 1882 alizikwa nyuma ya altare. Huyu ndiye aliyekusanya ngano za Waunguja akazichapisha mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Lililo jema katika kitabu kile ni kwamba aliwaacha wenyeji wasimulie kwa maneno yao.

Lakini sisi Wakristo tusijisifu kupita kiasi. Tumezoea kuwasimulia watoto kwamba soko lilifungwa, kanisa likajengwa, utumwa ukaisha. Sivyo. Kilichoisha mwaka 1873 ni soko na biashara ya baharini. Utumwa wenyewe uliendelea mashambani mpaka amri ya mwaka 1897, na masuria hawakuhesabiwa katika amri hiyo mpaka mwaka 1909, na wakati huo Waingereza walikuwa wameishika nchi. Hata vile vyumba vya chini ambavyo wageni huonyeshwa kuwa vifungo vya watumwa, wapo wanahistoria wasemao vilijengwa baada ya soko kufungwa, chini ya hospitali ya misioni. Abdul Sheriff alitoa mwaka 1987 kitabu kikubwa juu ya watumwa, viungo na pembe za ndovu. Humo twafundishwa kwamba biashara ile ilifungamana na masoko ya dunia, hata ya Ulaya na Marekani. Kumsoma huyo hakupunguzi ukatili wa soko. Kwaongeza hesabu ya wenye hatia, na baadhi yao walikuwa Wakristo.

Kutoka Mkunazini ni mwendo mfupi kwa miguu kupita Darajani na kuingia Ng'ambo. Zamani hori la bahari liliutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo: huku nyumba za mawe, kule vibanda vya udongo na makuti. Leo waona majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa na serikali ya Mapinduzi kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Ukitaka kujua watu wa Ng'ambo waliishije kabla ya hapo, soma Kuli, kitabu kingine cha Adam Shafi, juu ya wachukuzi wa bandarini na mgomo wa mwaka 1948.

Ukitaka kujua siasa yao, yuko Mmarekani Michael Lofchie, aliyeandika mwaka 1965 juu ya chanzo cha Mapinduzi. Jambo moja yafaa kila mtu alikumbuke. Katika uchaguzi wa Julai 1963, chama cha Afro-Shirazi kilipata kura 54 katika kila 100, lakini kilipata viti 13 tu katika viti 31. Wapinzani wao walioungana walipata 18, wakaunda serikali. Uhuru ukaja Desemba 10, 1963, chini ya Sultani Jamshid. Usiku wa kuamkia Januari 12, 1964, ghala za silaha za polisi zilitekwa Ziwani na Mtoni. Naam, Mtoni ileile alikozaliwa Salme. Aprili 26 mwaka uleule Unguja na Pemba zikaungana na Tanganyika.

Sasa twafika mahali pagumu. John Okello, mtu wa Uganda, aliyejiita jemadari wa Mapinduzi, alitoa kitabu chake Nairobi mwaka 1967. Ukimsoma peke yake utadhani kila kitu alikifanya yeye. Harith Ghassany alitoa mwaka 2010 kitabu cha Kiswahili, Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!, chenye masimulizi ya watu wengi, nacho chasema mengi juu ya mkono wa bara. Ukikisoma hicho peke yake utadhani wanyonge wa Unguja hawakuwa na kilio chao wenyewe. Mmoja husahau waliozikwa, maelfu kwa hesabu ya wengi, wala hesabu hiyo haijapatanishwa mpaka leo. Mwingine huwasahau wakulima waliopewa eka tatu tatu, watu ambao kabla ya hapo walilima ardhi ya wengine.

Kitabu kimoja chanipendeza kwa jinsi kilivyofanywa. Mwaka 2009 mwalimu Mmarekani, G. Thomas Burgess, aliwaweka watu wawili chini ya jalada moja: Ali Sultan Issa, aliyekuwa waziri katika serikali ya Mapinduzi, na Seif Sharif Hamad wa Pemba, aliyekuwa Waziri Kiongozi tangu 1984 hata 1988, kisha akawa mpinzani kwa miaka mingi mpaka alipofariki Februari 2021 akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Kila mmoja asimulia maisha yake. Hawakubaliani, wala mwandishi hawalazimishi wakubaliane. Msomaji ndiye aachiwaye kazi.

Na kazi hiyo yatuhusu sisi wa bara pia, maana tumo katika nyumba moja nao. Ziko nyumba ambamo Januari 12 hukumbukwa kwa shangwe, na ziko nyumba ambamo hukumbukwa kwa kilio cha baba aliyetoka asirudi. Watu wa nyumba hizo mbili hukutana sokoni, shuleni, hata katika arusi moja. Kijana mwenye kitabu kimoja akiingia nyumba isiyo yake atamwumiza mtu kwa neno moja, naye hatajua alichofanya.

Kwa hiyo nawasihi wazazi na walimu. Mtoto akisafiri kwenda Unguja, mpeni vitabu viwili vinavyobishana, si kimoja. Akisimama Forodhani aitazame Beit al-Ajaib, nyumba ya Sultani Barghash ya mwaka 1883, ambayo upande wake mmoja uliporomoka Desemba 25, 2020. Akae barazani na mzee, asalimie kwa adabu, asikilize mpaka mwisho bila kukata neno. Kisha avuke Ng'ambo, atafute mzee mwingine, afanye vilevile. Akirudi nyumbani mwulizeni swali moja tu: wazee wale wawili walipishana wapi? Akiweza kuwaeleza bila kumtukana ye yote kati yao, safari yake imemfaa, na nauli haikupotea.