Sukari ya Maulidi

Desemba ya mwaka 1982 ilitukutanishia sikukuu mbili. Krismasi iliangukia Jumamosi, na Maulidi yakafuata siku chache tu baadaye. Katika nyumba yetu ya Ilala, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, Waislamu tulikuwa wengi, Wakristo familia moja. Furaha ingekuwa maradufu kama sukari ingepatikana.

Waliokua wakati maduka yamejaa inabidi wasimuliwe. Vita vya Kagera viliisha 1979, na Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mikanda ikabaki imefungwa. Mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, fedha za kigeni hakuna, viwanda vinasimama kwa kukosa malighafi na vipuri. Mtu akiona foleni alijipanga kwanza, ndipo akauliza kinauzwa nini. Alfajiri ungekuta mbele ya duka mstari wa mawe na matofali, kila jiwe na mwenyewe, na ole wako ukisogeza la mwenzio. Nguo tulifulia majani ya mpapai. Sukari ilipitia kwa balozi wa nyumba kumi, mwenye daftari la kaya zake zote. Ikija, mnagawana kidogo kidogo. Isipokuja, mnakunywa chai ya chumvi.

Bibi yangu, Mmanyema aliyezaliwa Kariakoo, ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba. Maulidi yalisomwa uani kwetu kila mwaka, na tangu Idi kubwa alikuwa akikusanya. Kila mgao wa sukari ulipofika, kila chumba kilimpa chake kidogo, akakitia katika debe lenye mfuniko, akalisukuma chini ya kitanda. Mchele uliletwa na mjomba kutoka Rufiji, kwa taabu ya vizuizi vya barabarani. Sisi watoto tulilijua debe lile lilipo, na hapana hata mmoja aliyethubutu kuligusa.

Chumba cha mwisho, karibu na jiko, kilikaliwa na ile familia moja ya Kikristo, ya kutoka Songea. Baba alikuwa kuli bandarini. Aliugua kifua, akakonda mbele ya macho yetu, na mwezi Novemba akafariki. Mjane alibaki na watoto wanne na biashara ya maandazi ambayo ilikuwa imekwisha kufa kabla ya mumewe: unga wa ngano hakuna, mafuta hakuna, sukari hakuna, sasa andazi litatoka wapi? Alikuwa mtu wa haya. Jioni aliinjika sufuria jikoni kama wenzake, akakaa mbele ya moto, na maji yakachemka mpaka yakapungua. Wanawake wa uani waliona. Katika nyumba ya uani mmoja hakuna siri ya sufuria.

Hapakuitishwa kikao. Jioni moja, wiki ya kuamkia Krismasi, Bibi aliketi mkekani chumbani kwake na akina mama wawili watatu, nami nikiwa nawapepea kwa kipepeo. Nakumbuka alivyosema: "Kile kitoto cha mwisho kimeniuliza leo kama Krismasi itakuja na kwao." Wakanyamaza. Kisha yule mama wa chumba cha mbele, ambaye hatukumdhania kuwa mpole, akasema, "Basi bibi, si ulivute hilo debe."

Mmoja akakumbusha kwamba ile ni sukari ya Maulidi, imekusanywa kwa nia yake. Bibi akajibu kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema si muumini anayeshiba na jirani yake ana njaa, na debe likavutwa. Walipima kwa glasi ya chai, wakisawazisha juu kwa kidole ili isimwagike hata chembe. Mchele ukapimwa kwa kibaba. Bizari, hiliki na mdalasini vilifungwa katika vikaratasi vya gazeti. Balozi naye alitoa jogoo wake, jambo ambalo mtaa mzima ulilistaajabia kwa namna alivyokuwa akimpenda.

Nguo zilikuwa mtihani mwingine. Bibi alikuwa na doti ya khanga ya kiwanda cha Urafiki, mpya, aliyoitunza aivae siku ya Maulidi. Akampelekea fundi cherehani wa barazani. Wasichana wawili walitoka na gauni, wavulana wawili na shati. Kitambaa kilikuwa haba, kwa hiyo jina la khanga lilikatika: nusu yake ikawa mgongoni kwa kaka mkubwa, nusu mgongoni kwa mdogo wake. Wakienda wameshikana mikono kutoka nyumbani hadi kanisa la Msimbazi, ungeweza kuwasoma.

Lakini ninachotaka kisisahaulike hasa ni jinsi vitu vile vilivyopelekwa. Ilingojwa mpaka baada ya Isha, taa zimezimwa, ndipo mimi na dada yangu tukabebeshwa sinia lililofunikwa kawa. Tuliambiwa tusiseme kitu zaidi ya salamu. Mjane alipofunua, alikuja mbio chumbani kwa Bibi analia. "Shikamoo bibi. Sasa mimi nitawalipa nini?"

"Marahaba mwanangu. Hebu rudi ukafunike mchele, panya wa nyumba hii huwajui?" Hayo tu. Hakumpa nafasi ya kushukuru, wala hakuna aliyelitaja jambo lile mbele yake tena.

Asubuhi ya Krismasi, mjane alimwomba balozi amchinje jogoo kwa mkono wake, ili nyumba nzima iweze kula. Balozi akanoa kisu, akaelekea kibla, akapiga bismillahi. Kufika adhuhuri, pilau ilikuwa ikizunguka vyumba vyote sita, sahani kwa sahani, kila moja na kipande kidogo cha nyama. Yaani alitugawia sote.

Siku ya Maulidi chai ilikuwa nyepesi kwa sukari, na Bibi alivaa khanga yake ya zamani. Mjane alikesha jikoni pamoja na akina mama wengine, akikuna nazi na kuosha masufuria, na qasida zilipoanza alikuwa bado na makaa mkononi.

Baada ya Mzee Mwinyi kushika nchi mwaka 1985, bidhaa zilirudi taratibu, na leo sukari inauzwa kila kona. Kila Desemba naona misaada ikitolewa kwa wajane na yatima chini ya mabango, mpokeaji akishikishwa mfuko wa unga na kuambiwa atazame kamera. Unga ule ni mwema na tumbo linauhitaji. Ila mama yule, kwa haya aliyokuwa nayo, asingekwenda kuupokea, na watoto wake wangelala njaa siku ya sikukuu. Mwenye kutoa mwaka huu, namsihi: mtume mtoto, usiku, na sinia lifunikwe.