Jembe la Mwandishi wa Programu

Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Usinge, ameniomba ushauri kuhusu kompyuta mpakato ya kujifunzia kuandika programu. Nimelichukua swali hilo kwa uzito, kwa sababu fedha atakazotumia ni jasho la msimu mzima. Tumbaku huuzwa mara moja kwa mwaka kupitia chama cha msingi. Mkulima akishakatwa deni la mbolea, kinachobaki si cha kubahatishia. Akikosea dukani, atangoje mavuno mengine.

Nilimwambia aanze na kazi, jina la kampuni lifuate. Yeye anataka kutengeneza programu za simu. Android Studio huhitaji kumbukumbu isiyopungua GB 8, na kwa raha zaidi GB 16. Basi achague mashine inayokubali kuongezwa kumbukumbu, akwepe zile nyembamba ambazo kumbukumbu yake imechomelewa kwenye ubao. Diski iwe SSD. Simu ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta ni mzigo mkubwa. Achomeke simu yake mwenyewe kwa waya, aijaribie programu humo.

Mitumba ya Kariakoo, kama ThinkPad na Latitude zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo, inafaa, kwani ni imara na hufunguka kwa fundi. Hata hivyo atazame prosesa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Mwenye mashine ya zamani zaidi aweke Linux, ambayo ni bure na hutumiwa na waandishi wa programu dunia nzima. Kabla ya kulipa, achomoe chaja, aitumie nusu saa, aone betri imeshuka kiasi gani. Umeme ukikatika, betri ndiyo saa zake za kazi.

Huo ni ushauri wa mwalimu. Kama raia, nina la kuongeza. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na nguo kati ya Ujiji, Tabora na pwani, faida kubwa ikibaki kwa wenye mali. Reli ikafika Kigoma mwaka 1914, nayo ikawa njia ya kupeleka mazao ghafi bandarini. Programu ni miongoni mwa bidhaa chache ambazo kijana anaweza kuzikamilisha akiwa Usinge na kuziuza bila kulipia behewa.

Kwa hiyo nashauri kompyuta iandikwe kwa jina lake katika vifungu vya mikopo ya elimu ya juu, kando ya vitabu na viandikwa. Watakaosema ni gharama wakumbuke kwamba mkopo hurejeshwa, na mwenye zana hurejesha mapema. Hatuwezi kuhubiri uchumi wa kidijitali majukwaani, kisha tuuachie msimu wa tumbaku uamue nani aushiriki.