Mbio za Dodoma Zilivyonifungua Mdomo



Mimi ni bwana shamba hapa Kibakwe, wilaya ya Mpwapwa. Kazi yangu ni mbegu, nafasi ya kupandia, palizi na wadudu wa mahindi. Leo siandiki juu ya hayo. Nataka nikueleze habari za mbio ndefu ziitwazo marathoni, na jambo nililolificha kwa miaka mingi.

Kwanza tujue marathoni ni nini. Ni mbio za kilometa 42 na mita 195. Mtu mwenye mzigo kichwani akiondoka alfajiri, hafiki mwisho kabla ya jioni. Mkimbiaji hodari humaliza kwa saa mbili na dakika chache. Juma Ikangaa, askari aliyezaliwa hapa kwetu Dodoma mwaka 1957, alishinda marathoni ya New York, Marekani, mwaka 1989. Alitumia saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Tena Septemba 2025, Alphonce Simbu wa Singida, jirani zetu, alikuwa bingwa wa dunia huko Tokyo, Japani. Alifika karibu sawa na Mjerumani mmoja. Kila mmoja aliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ikabidi picha itazamwe ili mshindi ajulikane. Hapa Kibakwe tuliona mbio hizo kwenye simu ya kijana mmoja. Tulikuwa zaidi ya watu kumi, tunasukumana kama ndama penye maji.

Mimi si Ikangaa wala Simbu. Nina miaka 47 na kitambi. Pikipiki imenizoesha vibaya.

Sasa nikueleze lile nililolificha. Mwaka 2011 dada yangu mkubwa alifariki. Kabla ya hapo alinilalamikia mara nyingi kwamba kiuno kinamuuma. Mimi nilimnunulia dawa za maumivu dukani. Kumbe alikuwa akitokwa na damu wakati usio wake, naye aliona haya kumwambia mdogo wake wa kiume. Tulipomfikisha hospitali, daktari alisema ni saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba tumechelewa. Msibani watu waliuliza alikuwa akiumwa nini. Nilijibu, "Tumbo." Kila aliyeniuliza nilimjibu hivyo hivyo. Niliona jina la ugonjwa ule lingemvunjia heshima.

Miaka ikapita. Siku moja nikasikia redioni habari za mbio za Dodoma, ziitwazo NBC Dodoma Marathon. Mbio hizo zilianza mwaka 2020. Fedha zinazochangwa zilipangwa kusaidia vita dhidi ya ugonjwa ule ule uliomuua dada yangu, na baadaye kusomesha wakunga pia. Nilizima redio nikakaa kimya. Mke wangu akaniuliza kuna nini. Nikamwambia nataka kwenda Dodoma kukimbia. Alicheka mpaka akaweka ungo chini.

Nilikwenda Julai 2023. Nililipia kilometa 5, kwa maana zipo mbio za 42, 21, 10 na 5. Unajua baridi ya Dodoma mwezi Julai, na upepo wake. Pale Uwanja wa Jamhuri alfajiri nilikuta watu wengi kuliko mnada. Walikuwepo vijana wa vyuo, askari, na akina mama wa makamo waliofunga kanga juu ya suruali za mazoezi. Nilipofika kilometa ya pili nilikuwa natembea. Kando yangu alitembea mama mmoja mtu mzima. Akaniuliza, "Baba, wewe umekuja kwa ajili ya nani?"

Nikasema, "Dada yangu." Kisha nikataja ugonjwa kwa jina lake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, baada ya miaka kumi na miwili. Yule mama akasema yeye aliugua huo huo, lakini uligunduliwa mapema akatibiwa. Tulimaliza pamoja, karibu wa mwisho.

Ndugu msomaji, nimefikiri sana juu ya jinsi mbio zinavyokua. Mbio za Kilimanjaro, kule Moshi, zilianza mwaka 2003 na watu mamia tu. Siku hizi wakimbiaji hupita 10,000. Wenye kasi ya Simbu ni wachache hata katika nchi nzima, kwa hiyo idadi hiyo haikutoka kwao. Ilitoka kwa watu kama mimi, wa kilometa 5, na kwa wanaosimama kando ya barabara kushangilia. Kila mmoja akirudi kwao husimulia, na mwaka unaofuata huja na mwenzake. Hata mbegu mpya huenea hivyo hivyo. Haienezwi na bwana shamba. Huenezwa na jirani aliyeona debe la jirani limejaa.

Niliporudi Kibakwe nilikuwa na shamba darasa la alizeti. Tulipopumzika chini ya mti nikawaambia wakulima ukweli juu ya dada yangu. Nikawaeleza niliyofundishwa. Ugonjwa huo huletwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Hukua polepole, kwa miaka mingi, bila maumivu. Kipimo chake si cha kutisha. Mhudumu hupaka siki kidogo kwenye mlango wa kizazi, na penye kasoro hugeuka peupe. Kasoro ikionekana mapema, hutibika. Tena kuna chanjo, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na sasa hupewa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Wanaume walitazama chini. Bibi mmoja akasema, "Bwana shamba, miaka yote hii unatufundisha viwavi, hili ulilificha wapi?" Sikuwa na jibu. Wiki ile wanawake tisa walikwenda kupimwa pamoja. Mmoja alikutwa na kasoro za mwanzo, akatibiwa. Jina lake ni siri yake. Msimu uliofuata nilimkuta shambani akipalilia, akanikemea kwa kuchelewa kumletea mbegu.

Sisi hatuna marathoni. Tuna mbio za Jumamosi jioni tu, katika barabara ya vumbi. Tulianza watu sita. Watu walisimama milangoni wakiuliza, "Mwizi yuko wapi?" Mzee mmoja ndiye aliyetucheka kuliko wote. Baadaye wakaja vijana wa mpira, kisha akina mama wa shamba darasa, na watoto ambao hawakualikwa. Sasa hupita arobaini, na mbuzi wanatupisha.

Jumamosi iliyopita yule mzee alikuwa amesimama kando ya barabara na ndoo ya maji na kata. Nilikuwa wa mwisho kama kawaida. Alinichotea nikanywa. Alitazama huku na huku, akaniuliza kwa sauti ndogo kile kipimo cha siki kinatolewa siku gani, maana mama watoto hajawahi kwenda.

Nikamtajia siku.