Siku Bosi Alipomng'ata Popi

Jioni ile matokeo ya semista yalikuwa yametoka, na sote tunajua siku hiyo inavyokuwa. Mtandao unazunguka tu, kundi la WhatsApp la darasa limechafuka, huyu kafaulu yote, yule ana sapu mbili. Mimi nilikuwa napanda barabara ya vumbi inayoelekea milima ya Uluguru, mkono mmoja simu, mkono mwingine kamba ya Bosi. Kamba yenyewe ilikuwa imelegea. Nilipoinua macho, Bosi alikuwa ameshamkamata Popi shingoni.

Niwaeleze kwanza Bosi ni nani. Ni mbwa wa nyumba ninayopanga hapa Morogoro, mkubwa, wa kahawia, masikio yamesimama. Mama mwenye nyumba alimleta kwa ajili ya ulinzi. Mchana anafungiwa bandani, usiku anaachiwa uani, kama mbwa wengi wa mjini kwetu. Lakini tangu mwaka wa kwanza mimi ndiye ninayempikia ugali na dagaa, na yeye ndiye anayenisubiri getini nikitoka kipindi cha jioni. Mtaani wanajua ni mbwa wangu. Mwaka huu nikaanza kumtembeza, maana akikaa bandani siku nzima anabweka mpaka huwezi kusoma. Watu walinicheka: "Dada, siku hizi umekuwa mzungu?" Nikacheka nao. Sikuwa nimewaza kwamba mbwa aliyefungiwa tangu utotoni hajui kukutana na mbwa mwenzake.

Popi ni mbwa mdogo mweupe mwenye mabaka, wa babu anayeuza mkaa pale kwenye kona. Anamfahamu kila mpita njia. Jioni ile alikuja kama anavyokuja siku zote, mkia unacheza, akitaka kunusa. Bosi hakubweka. Hata kunguruma sikusikia. Nilivuta kamba, nikapiga kelele, nikavua kandambili nikampiga nayo mgongoni. Akaachia. Popi akalia kile kilio chembamba, akakimbilia nyuma ya magunia. Yote hayo hayakufika nusu dakika. Babu hakuwepo, alikuwa ameenda nyuma ya banda lake. Nikatazama huku na huku. Hakuna aliyeniona.

Nikaondoka.

Naandika haya yote kwa sababu ya neno hilo moja. Kung'ata lilikuwa la Bosi. Kuondoka lilikuwa langu.

Usiku ule nilijitetea kama wakili. Nikajiambia ni mbwa tu, mbwa wanang'atana kila usiku na hakuna anayeitisha kikao. Nikajiambia nimeiona shingo ya Popi, ni vitundu viwili tu kama vya sindano. Nikajiambia babu akijua atadai hela, na bumu lilikuwa halijaingia. Kesho yake nikapita njia nyingine kwenda chuo, ile ndefu inayozunguka shule ya msingi. Keshokutwa vilevile.

Siku ya tatu nikaenda dukani kununua mayai. Muuza duka akawa anapiga stori na mteja mwingine. Popi wa babu kavimba shingo, hali chakula. Na babu anajua aliyemuumiza: ni yule mtoto wa mama anayekaanga mihogo, yuko darasa la tano, ana tabia ya kumrushia Popi mawe. Safari hii, wanasema, kamtoboa kwa waya. Mtoto kakataa, lakini nani amsikilize? Mama yake kamchapa mbele ya watu.

Nikapokea chenji yangu, nikachukua mayai, nikarudi geto. Sikuyapika.

Rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja nilimweleza. Akasema, "Nyamaza wewe, itapita hiyo. Mtoto ameshachapwa, ukisema sasa utamfutia fimbo?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananionea huruma. Na kwa kweli maneno yake yalinipa nafuu kwa muda wa saa moja hivi. Kisha nikakumbuka kwamba mimi nasoma sheria. Naweza kukuandikia kurasa tatu kuhusu ushahidi na haki ya mtu kusikilizwa, na hapo mtaani kuna mtoto wa darasa la tano ambaye shahidi wake pekee ni mimi. Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi kilio kilikuwa kimemuumbua mtu mwingine.

Asubuhi nikaenda kwenye kona.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umepotea."

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima, yote yakakimbia. Nikasema, "Babu, ni Bosi aliyemng'ata Popi. Nilikuwepo. Niliondoka."

Akaliweka chini kopo lake la kupimia mkaa. "Lini?"

"Siku ya nne leo."

"Siku nne," akarudia. Kisha akasema, "Yule mtoto amechapwa."

Hakupaza sauti, na nilitamani angepaza. Akageuka, akaniashiria nimfuate nyuma ya magunia. Popi alikuwa amelala ubavu, shingo imevimba kama ameficha chungwa, na harufu nilianza kuisikia kabla sijainama. Babu alikuwa akimwosha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, kwa mikono yake mitupu.

Nikampigia simu bwana mifugo, akaja kwa bodaboda. Akanyoa manyoya, akapasua jipu, usaha ukatoka mwingi. Huku anasafisha akatueleza jambo ambalo naomba kila anayefuga mbwa alijue. Meno marefu ya mbwa yakizama halafu kichwa kikatikisika, ngozi inabaki na tundu dogo, lakini nyama ya chini inachanika. Tundu linajiziba mapema, uchafu unabaki ndani. Ndiyo maana jeraha la mbwa huonekana dogo siku ya kwanza na kubwa siku ya tatu. "Mngeniita siku ileile," akasema, "ningeosha, ningempa dawa, basi." Babu hakunitazama. Nilishukuru.

Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Huyo aliyeng'ata alichanjwa lini kichaa cha mbwa?"

Nikampigia mama mwenye nyumba. Akakumbuka kwa shida: miaka miwili iliyopita, au mitatu. Cheti hakijui kilipo. Na Popi hajawahi kuchanjwa kabisa.

Bwana mifugo akaacha utani. Kichaa cha mbwa, akasema, hupita kwenye mate. Binadamu akishaanza kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili kuna nafasi: mtu aliyeng'atwa akiosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha akaenda hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo, anaokolewa. Akamuuliza babu kama ana mchubuko wowote mikononi. Babu akaigeuza mikono yake, meusi ya mkaa yameingia kwenye mistari ya viganja, akaikagua kidole kwa kidole. Hakuna. Nilikuwa nimesimama pale natazama mzee anatafuta jeraha kwenye mikono yake kwa sababu mimi niliogopa kudaiwa hela.

Tukaelekezwa hivi: Popi achanjwe papo hapo, babu avae glavu kila anapomshika, na Bosi afungiwe na kutazamwe siku 10. Mbwa ambaye virusi vimeshafika kwenye mate yake huugua mwenyewe na kufa ndani ya siku hizo. Akizimaliza akiwa mzima, basi siku aliyong'ata hakuwa na cha kuambukiza. Gharama zote zilifika shilingi 40,000. Nilikopa kwa yule rafiki yangu, nikamlipa bumu lilipoingia.

Mama mwenye nyumba alikuwa na dawa yake. "Mbwa akishaonja damu hafai," akaniambia kwenye simu. "Nikirudi tumwekee sumu." Nikamwomba asubiri zile siku 10. Nikamuuliza bwana mifugo, akasema mbwa kumng'ata mbwa mwenzake siyo dalili kwamba kesho atang'ata mtu. Huyu amekaa kifungoni, hajazoea wenzake, na aliyeshika kamba hakuwa anatazama. Hayo mawili yanarekebishika. Sumu hairekebishi kitu.

Lililobaki lilikuwa la yule mtoto. Nilimwomba babu twende pamoja, akakubali. Mama yake alikuwa anakaanga mihogo, wateja wamesimama. Nikasema palepale, mbele yao, kwa kuwa na yeye alichapwa palepale. Mama akasema, "Uuu, jamani," akaziba mdomo kwa mkono wenye unga. Babu akamwambia mtoto, "Nilikosea, mjukuu wangu." Mtoto akanitazama mimi.

"Nilisema siyo mimi," akasema.

Basi. Hakulia, hakunipa mkono. Wiki iliyofuata nilimpelekea madaftari na kalamu, akapokea, akaingia ndani. Kusema kweli nilitarajia tabasamu. Lakini mtoto hakuwa na deni la kunifanya nijisikie vizuri, na ilinichukua muda kulielewa hilo.

Zile siku 10 ziliangukia wiki ya mitihani ya majaribio. Kila asubuhi kabla ya kufungua daftari nilikwenda bandani. Anakula? Anakunywa maji? Anatembea sawasawa? Mate hayamtiririki? Bosi alibweka usiku na mchana kwa hasira ya kufungiwa, na sijawahi kuzifurahia kelele zake kama wakati ule. Siku ya 11 akachanjwa, safari hii cheti nikakiweka mimi, pamoja na vyeti vyangu vya shule.

Ikikupata wewe, usiingize mkono katikati ya mbwa wanaopigana. Wamwagie maji, piga kelele kubwa, na wakishaachana fupisha kamba. Kisha, hata kama roho inakusukuma kukimbia, simama. Mtafute mwenye mbwa, mpe jina lako na namba yako. Pekua manyoya ya aliyeng'atwa, mwite mtaalamu siku hiyohiyo, uliza habari ya chanjo kwa mbwa wote wawili. Kama huna hela, sema huna hela. Kila mwaka Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi huchanja mbwa karibu na tarehe hiyo. Mpeleke wako.

Bosi yupo. Namtembeza saa 12 asubuhi, kabla mtaa haujaamka, amevaa kifunga mdomo, kamba nimeizungusha mkononi mara mbili, simu nimeiacha chumbani. Popi amepona, ila shingoni kuna mahali manyoya hayajaota, na akimwona Bosi kwa mbali anaingia nyuma ya magunia. Nikiona hivyo tunageuza.

Babu kwa muda aliitikia shikamoo yangu kwa "marahaba" tupu. Nilikuwa napita pale kila siku, njia ileile, sikuzunguka tena. Kwenye wiki ya tatu hivi aliniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye mkaa wake, "Masomo yanaendaje, mwanangu?"

Nikasimama, nikamweleza.