Dilolo: Ndugu Zetu wa Ng'ambo ya Mpaka

Juma hili tunawapeleka Dilolo, magharibi kabisa mwa jimbo letu la Lualaba. Ukitoka Kolwezi ukafuata reli, unapita Mutshatsha na Kasaji, mwisho unafika pale Kongo inapokwisha. Mbele yako ni mji wa Luau, Angola. Hapa ukisema "jambo", unaweza kujibiwa "bom dia". Ni Kireno.

Mpaka huu haukuwekwa na babu zetu. Mwaka 1927 Wabelgiji walitaka kipande kidogo cha ardhi karibu na Matadi, kama kilomita 3 za mraba, kwa ajili ya reli yao. Wareno wakawapa, nao wakapewa karibu kilomita 3,500 za mraba upande wa Dilolo. Walunda, Wachokwe na Waluvale wa huko hawakuulizwa. Familia moja ikawa na serikali mbili, na shule za lugha mbili.

Reli kutoka bandari ya Lobito ilifika mpakani mwaka 1929, ikaungana na ya Katanga mwaka 1931. Shaba yetu ikapata njia ya baharini. Angola ilipopata uhuru mwaka 1975, vita ikaivunja njia hiyo. Waangola wengi walikimbilia kwetu. Na watu wetu nao, wakati wa vita vya Shaba vya 1977 na 1978, walikimbilia kwao. Treni ilirudi Luau mwaka 2015.

Ndiyo sababu tuna watoto waliozaliwa Angola ambao Kireno kinawatoka mdomoni mbele ya Kifaransa. Tumesikia wenzao shuleni wakiwacheka na kuwaita wageni. Hilo linatuumiza, maana ugeni huo uko hata mezani kwetu. Mihogo, mahindi na karanga vilitoka Amerika. Wareno waliviingiza Afrika baada ya Wahispania na wao kufika huko. Mihogo ikaenea katika nchi ya Mwant Yav, na leo bukari bila unga wake ni nini? Sombe nayo ni majani ya mmea huohuo. Hata neno "meza" ni la Kireno, na Mhispania naye anasema "mesa". "Bendera" nayo imetoka hukohuko.

Basi mtoto anayesema "obrigado" anasema asante tu. Lugha yake inasemwa Angola, Msumbiji na Brazil, na akijifunza kidogo ataelewa Kihispania, kinachosemwa hata hapa Afrika, Guinea ya Ikweta. Jioni hii, kabla ya kulala, tuwaeleze watoto wetu habari ya mwaka 1927. Na kesho, wamwombe mwenzao awafundishe kuhesabu mpaka kumi: um, dois, três.